Kwetu Kunakucha Jioni

9 Machi

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinipa siku ya kuniaga, ukasema niandike kila siku japo mstari mmoja, likijaa nimpe dereva wa lori la mayai akuletee. Leo mtoto ana miezi mitatu na ushei ndiyo kwanza naandika la maana. Si kwamba nimekusahau. Kila nikikaa na kalamu usingizi unanichukua, nikija kushtuka karatasi imelowa mate. Kurasa mbili za mwanzo nimezichana kwa sababu hiyo.

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza.

Acha kwanza nikueleze tunavyoishi, maana uliponipigia simu saa nne asubuhi ukanikuta nimelala, ulinuna. Kwetu saa nne asubuhi ni usiku. Tajiri ana mabanda manne ya kuku wa mayai, marefu, hayana madirisha, yamefunikwa turubai jeusi. Kuku akishikwa na joto hali, anahema tu mdomo wazi, na asiyekula hatagi. Kwa hiyo Tajiri akawageuzia siku. Taa zinawaka jua linapozama, kuku wanaamka, wanakula kwenye ubaridi, alfajiri wanataga, lori linabeba. Jua likipanda taa zinazimika, wanalala humo gizani na feni zinavuma. Hakuna anayewasha wala kuzima. Kuna kisaa ndani ya boksi la umeme, kinafanya chenyewe.

Vyumba vyetu wafanyakazi vimeegemea ukuta wa banda la kwanza, na waya ni huo huo mmoja. Chumbani kwetu hakuna swichi, Dada. Taa inawaka inapotaka na kuzimika inapotaka. Baba Kibibi amepigilia kipande cha turubai dirishani ili tupate kulala mchana. Kibibi ndiye mtoto. Nimemwita hivyo kwa vile anavyokutazama, kama bibi kizee anayekagua kama umefagia vizuri.

10 Machi

Mvua. Nepi hazikauki.

13 Machi

Jua likizama hapa watu wanatoka na miswaki mdomoni. Mama Pacha, jirani yangu wa mlango wa pili, ananisalimia, "Umeamkaje?" na mimi najibu, "Salama, sijui wewe." Dereva wa lori anatucheka. "Habari za asubuhi, ukoo wa popo!" Mama Pacha akamjibu, "Popo ana nafuu, hana mkwe." Nilicheka mpaka Kibibi akashtuka mgongoni.

Pacha wake ni wasichana, wana miaka minne, wamezaliwa hapa hapa. Hawasumbui hata kidogo. Wanacheza chini ya taa ya uani, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu wazima msibani.

18 Machi

Jana niliamka kabla ya taa. Chumba giza, mume ananikoromea sikioni. Nikahisi natazamwa. Nikamulika kwa simu nikamkuta Kibibi yuko macho, ametulia, hanitazami mimi. Anatazama glopu.

Halafu nikasikia ukutani. Mwanzo nilidhani ni mvua. Walikuwa kuku, wanajikung'uta mabawa, wote, banda zima, bila mmoja kulia. Wanasimama. Wanajipanga. Kisha taa ikawaka, chumbani na bandani mara moja, na Kibibi akavuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Nani aliwaambia? Kule kwao hakuna saa, hakuna dirisha. Nilimuuliza Baba Kibibi, akasema, "Kuku ni kuku." Nikamuuliza, "Na mwanao?" Akageukia ukutani.

22 Machi

Nimetoka kliniki. Naandika yote kabla sijasinzia.

Nilimbeba asubuhi kwenye manyunyu, amelala fofofo. Nesi akamweka kwenye mizani, akatazama kadi, akamtoa, akamweka tena. Hajaongezeka kitu tangu mara iliyopita. Akamfinya kisigino kidogo, mtoto hata hakukunja uso.

"Ananyonya saa ngapi huyu?"

"Akiamka."

"Anaamka saa ngapi?"

Nikamweleza habari ya mabanda. Nilidhani atanicheka kama dereva. Akavuta kiti akakaa. Ni mama wa makamo, ana sauti ya kikohozi.

"Sikiliza, mwanangu. Kila chenye uhai kina saa yake ndani. Wewe unayo, kuku anayo, hata mharage unakunja majani usiku na kuyafungua asubuhi, na ukiufungia kabatini utaendelea hivyo hivyo siku kadhaa. Saa hiyo inatembea yenyewe. Lakini haitembei sawasawa, kila siku inataka mwanga wa asubuhi uirudishe kwenye mstari. Sasa mtoto mchanga yake bado haijakaa. Anaisoma kwako. Hata maziwa yako, ya usiku yana kitu cha kuleta usingizi ambacho ya mchana hayana."

"Basi si amegeuka na mimi? Analala mchana, yuko macho usiku."

"Ungekuwa umegeuka kweli, ningenyamaza. Mchana unafanya nini?"

Nikafikiri. Mchana bomba linatoa maji, usiku halitoi. Mchana kuna soko, kuna kliniki, kuna kufua. Usiku naosha trei za mayai, mtoto yuko kwenye boksi chini ya taa za banda, na ninamnyonyesha trei zikipungua, na trei hazipungui.

"Uko huku nusu na kule nusu," nesi akasema. "Maziwa yako yanamwambia lala, taa inamwambia amka. Anachoka hata kunyonya. Turubai litoke dirishani. Jioni giza, asubuhi nje, kuwe na mvua kuwe na jua. Na huwezi kumgeuza yeye kabla hujajigeuza wewe. Asipoongezeka hadi mwezi ujao, namlaza wodini, na sitaki ubishi."

Njiani Kibibi hakuamka hata pale lori liliponipigia honi mgongoni.

23 Machi

Nimeng'oa turubai. Baba Kibibi akarudi kutoka kazini akakuta chumba cheupe pee.

"Nani katoboa nyumba?"

"Mimi."

"Na mimi nilale wapi, kwenye mfuko wa pumba?"

"Funga macho na shati."

"Shati gani? Yote umefua, yamelowa!"

Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho nikamwonyesha kadi ya mtoto. Alichukua kijiti, akafuatisha ule mstari wa wino uliolala chali, mara ya kwanza, mara ya pili. Akavaa kofia ya kazini mpaka puani akalala.

Jioni nikaifuata taa. Haina swichi, ila glopu ina shingo. Nikaifungua kwa kitambaa kabla haijawaka. Vyumba vyote viliwaka isipokuwa chetu.

24 Machi

Kibibi alilia tangu jua lilipozama. Si kilio cha njaa. Alinyoosha mkono kule juu ilipokuwa glopu.

27 Machi

Nimeacha kuosha trei usiku. Naokota mayai ya alfajiri tu. Kipimo changu sasa ni kisigino cha Kibibi: nakifinya, akikunja uso nashukuru.

2 Aprili

Dada, umewahi kuwa peke yako uliye macho mahali penye watu? Leo saa sita mchana nilikuwa nimesimama uani na mtoto, na palikuwa kimya. Milango imefungwa, ndala zimepangwa nje, watu wazima wanakoroma. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Nikasogea banda la kwanza nikafungua kile kidirisha cha kupitishia vyombo vya maji. Sikuona kitu. Nikasikia tu joto lao na pumzi. Macho yalipozoea, nikaona mistari ya mwanga wangu imeangukia safu ya kuku wa mbele, wamesimama wamelala, na polepole vichwa vyote vikageuka upande wangu bila macho kufunguka. Nikafunga.

Nilipogeuka jua likatoka. Jua kabisa, la kwanza kwa zaidi ya wiki. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na pacha wamesimama kizingitini wameshikana mikono. Sijui waliamshwa na nini. Mmoja akaweka kiganja usoni, akachungulia juu kati ya vidole.

"Mama Kibibi," akauliza, "nani kaiwasha hiyo?"

Nikasema, "Mungu."

"Itazimwa saa ngapi?"

"Jioni."

Wakatazamana. Yule wa pili akasema kwa upole, kama anayenisahihisha nisipate aibu, "Jioni ndiyo inawashwa." Wakarudi ndani wakafunga mlango.

3 Aprili

Nilimwambia mama yao. Akacheka, halafu akaacha kucheka, halafu akaniuliza kama nina chumvi.

9 Aprili

Mvua haijasimama siku nne. Hakuna asubuhi. Natoka na Kibibi kila kunapokucha tunakaa barazani tukitazama kijivu. Nesi alisema hata mwanga wa mawingu unashinda taa. Najitahidi kuamini.

Tajiri alikuja na buti zake za mpira. Nilimuuliza, kwa heshima zote, kwa nini kuku wanaendelea kuishi usiku na baridi yote hii. Joto si limekwisha?

"Kuku hawaambiwi mara mbili," akasema. "Ukiwageuza wanagoma kutaga, wananyonyoka manyoya. Nimeshawafundisha, basi. Na wewe, nasikia jioni huonekani kazini."

"Mtoto anaumwa."

"Pole. Chumba ni cha mfanyakazi lakini, unalijua hilo." Alisema bila ubaya, akiniangalia mguuni. Halafu akamtazama Kibibi. "Mbona huyu halali? Saa hizi wenzake wote wamelala."

Wenzake. Aliashiria mabanda.

12 Aprili

Amenyonya mara tano mchana! Mara tano, Dada! Niliimba.

15 Aprili

Nguzo ya umeme imeanguka juzi, na jenereta limeingia maji. Hakuna taa popote, si bandani, si uani. Nitaandika ilivyokuwa, uamue mwenyewe kama nimechanganyikiwa.

Nilifurahi umeme ulipokatika. Nilisema, sasa kuku watalala, watu watalala, hapatakuwa na mwanga wa kupenya chini ya mlango, mwanangu ataujua usiku. Jana mchana kutwa mbingu ilikuwa nyeusi, huwezi kujua jua limefika wapi. Nilijilaza na Kibibi kitandani, nimemkumbatia. Nakumbuka nilimfunika mguu.

Kitu cha pili ninachokumbuka ni maji ya mvua yananiingia shingoni. Nilikuwa nimesimama uani. Mkononi nina ndoo ya trei, aproni nimeivaa, Kibibi yuko mgongoni, kanga imefungwa fundo langu la kazini, lile la mara mbili. Sikumbuki kulifunga. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

Na sikuwa peke yangu. Wote walikuwepo. Mama Pacha, wanaume wa banda la tatu, wale wa kuchanganya chakula, na Baba Kibibi na koleo lake. Hakuna aliyeitwa, maana hakuna kengele, hakuna taa. Wamesimama mvuani kila mtu mahali pake pa kila siku, nyuso zimeelekea mabanda, hakuna anayesemezana. Pacha wamekaa chini ya taa ya uani iliyozimika, wanacheza.

Kisha mabandani yakaanza yale mabawa. Mabanda yote manne. Baba Kibibi akaingia gizani akaanza kumwaga chakula, nikasikia koleo likikwangua sakafu kwa mwendo wake wa siku zote, hatua, koleo, hatua, koleo, na kuku wakidonoa wasichokiona.

Nilitaka kurudi ndani. Miguu ikaelekea kwenye karo la trei. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya blauzi, Dada, nimeshazamisha trei ya kwanza, ndipo nikasikia kitu mgongoni nisichowahi kukisikia. Kibibi anacheka. Cheko la sauti, la kwanza maishani mwake, lile tunalongoja wazazi. Nimelingoja kwa wiki mbili, nimemtekenya, nimemfanyia sura zote za kipuuzi mchana. Nikageuza shingo kumwona. Alikuwa ameinua uso kwenye ile glopu ya uani iliyokufa, mvua inampiga, anacheka nayo.

Nikaiachia ndoo. Nikamshika mume wangu bega kule gizani, nikamwita jina lake mara tatu ndipo akaitika.

"Nani kakuamsha?" nikamuuliza.

Akasimamisha koleo. "Wewe si ndiye uliyeniamsha?"

"Mimi mwenyewe sijui nimeamshwa na nani."

Akakaa chini pale pale kwenye maranda. Akasema, "Mchukue mtoto uende."

16 Aprili

Nimekwenda kliniki na mvua yote. Nesi hakuniuliza mengi. Nyuma ya jengo kuna dohani na chumba cha wafuaji, kando yake chumba kitupu chenye dirisha upande wa mashariki. Nikifua mashuka ya wodi, ni changu.

17 Aprili

Tumehama. Baba Kibibi alibeba kitanda kichwani, nami godoro. Atabaki mabandani mpaka apate kazi ya mchana, na kazi za mchana zina foleni. Mlangoni alimpokea mtoto, akamnusa kichwa kwa muda.

"Nitakuja siku ya mapumziko," akasema, "ila mtanivumilia, nitakuja kulala tu."

"Njoo ulale. Hapa tutakuamsha."

Akatabasamu. Jua lilikuwa linazama, na alipoondoka akanipungia mkono akasema, "Haya, mshinde salama." Hakugundua. Mimi mwenyewe niligundua alipokwisha kupinda kona.

24 Aprili

Kibibi analala giza likiingia. Si kila siku. Siku nyingi.

28 Aprili

Mizani! Mstari umeinua kichwa. Si sana, nesi kasema ni kama upana wa kucha, lakini umeinua. Hamlazi. Anataka kumwona tena mwisho wa mwezi wa tano, na mstari uwe bado unapanda. Nilimbusu nesi mkono, akaupangusa kwenye koti akaniambia nisilete maigizo.

6 Mei

Mvua inakwisha. Mashuka yanakauka siku hiyo hiyo.

Mama Pacha alipita. Umeme umerudi kule. Ameniuliza dirisha langu lina upana gani.

11 Mei

Dada, sasa nakuambia lililonifanya nimalize daftari hili leo bila kungoja lijae. Dereva anapita kesho.

Mtoto amegeuka. Mimi sijageuka.

Jua likizama macho yananitoka. Nalala chali gizani, viganja vinawasha, navisikia vikitaka trei. Hapa hakuna banda kwa umbali mrefu, lakini ile dakika ikifika nayasikia mabawa, na najua si masikioni. Ni humu ndani. Kisha alfajiri, wakati Kibibi anafungua macho na kunitafuta, usingizi unaniangukia kama gunia. Nesi kasema itachukua wiki, nisikate tamaa, kila asubuhi niliyotoka nje imehesabiwa. Lakini kama sikutoka je?

Leo sikutoka. Mfuaji mwenzangu alivunja komeo. Kibibi alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, uso mzima juani, midomo imepasuka, mdomo unafunguka na hautoi kitu, na mimi nimelala kando yake mkono wangu umemgusa. Sikusikia. Mimi, niliyekuwa nasikia hata akigeuza shingo! Alikuwa amenyonya kanga yangu ikalowa.

Amekunywa baadaye, amelala vizuri jioni. Lakini mwisho wa mwezi hauko mbali, na saa ya mtoto huyu bado inasomwa kwangu. Kwa hiyo usinitumie pole. Nitumie hivi, na kama huna vyote, anza na cha mwisho:

Nepi za kitambaa, kumi na mbili, zisiwe mpya, mpya hazinywi maji.

Pazia moja jepesi, jeupe. Zito usilete hata la bure.

Mafuta ya mgando ya midomo ya mtoto, kopo dogo.

Saa ya mezani ya kutia ufunguo, yenye kengele mbili juu. Ya simu nimegundua naizima usingizini.

Shangazi, wiki tatu, na mdomo wake wote. Mwambie sitaki anipikie wala anishike mtoto. Nataka jua likitoka anitoe kitandani, kwa jina, kwa matusi, kwa maji, kwa vyovyote atakavyoona. Aje na gari la asubuhi afike mchana, na asipitie mabandani kumsalimia shemeji yenu, hata kama taa zinawaka na wanamkaribisha.